Sufuria, Mfuniko na Majina Yaliyoishia kwenye S

Mmoja wenu aliniuliza Jumamosi iliyopita, hapa Mvara, mjini Arua, ninapowafundisha, kwa nini nawasumbua na habari za memori ya kompyuta wakati lugha za programu za siku hizi zinajifagilia zenyewe vitu visivyotumika. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, maana swali hilo niliwahi kuliuliza mimi kabla mama yake hajaolewa. Sikumjibu vizuri. Jua lilikuwa kali, na mimi nikishaanza kusimulia sijui kushika breki. Basi leo nimeketi na daftari langu la zamani, na jibu lake ni hili. Mkiliona refu, mjue uzee una haki zake.

Programu zetu tunazijenga kwa vitu. Mtu ni kitu, familia ni kitu, kadi ya usajili ni kitu. Ukiandika mstari wa kuumba mtu mpya, mashine inamtafutia nafasi ndani ya memori na kumweka hapo. Kuumba ni rahisi, hata mlevi anaweza. Kazi ni kujua lini nafasi ile irudishwe. Ukiirudisha mapema, yuko mwingine bado anaitegemea. Usipoirudisha kabisa, vitu vinajazana mpaka mashine inakosa pa kupumulia na kusimama. Hayo nimeyasema kwa sentensi chache, lakini mimi yalinichukua miaka ishirini na kitu, na mengine niliyajua kwa kumliza mtu.

Aliyenifundisha ni Mama Furaha. Alikuwa Mkongomani, alivuka mpaka kutoka Aru akiwa na marobota mawili ya vitenge na hesabu alizosomea Kisangani. Katika soko la Arua wengi walimjua kwa vitenge. Sisi wachache tulijua kwamba nyuma ya yale marobota kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na mwenye shule au zahanati akitaka programu alikuwa anakuja pale, anajifanya anachagua kitenge cha mke wake. Sijapata kuona kichwa kama kile. Alikuwa anampimia mteja kitambaa, mkono kwa mkono, huku ananiambia kosa langu liko mstari wa ngapi.

Mimi nilikuwa binti wa Kinubi kutoka Koboko, nimemaliza kozi ya kompyuta, nina cheti ndani ya bahasha na kiburi cha kujaza gunia. Aliangalia cheti, akakirudisha kwenye bahasha kwa heshima kabisa, akanipa daftari na kalamu.

"Kompyuta baadaye," alisema. "Kwanza unaandika hapa. Kila kitu, unaandika nani anaizaa, nani anaishika, nani anaizika. Kama haujue nani ataizika, usiizae."

Nilidhani ananitania. Wiki tatu sikugusa kompyuta, nachora mishale tu kwenye daftari kama mtoto wa chekechea. Lakini niwaambieni ukweli, mpaka leo sijaona chombo kinachoshinda daftari lile. Kabla hujaandika programu yoyote, chora vitu vyako, na kutoka kwa kila kitu chora mshale kwenda kwa kile kinachoshikwa nacho. Ukiona mshale umezunguka ukarudi ulikotoka, weka kalamu chini ufikiri. Maneno hayo ya mwisho ni yake, na mimi niliyasahau, kama mtakavyosikia.

Lugha tuliyoitumia ilikuwa na ustaarabu wake. Kila kitu kilibeba hesabu ya wanaokishika. Akija mwingine kukishika, hesabu inapanda; akikiachilia, inashuka. Ikifika sifuri, kitu hakina mwenyewe tena, na mashine inachukua nafasi yake. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikamwambia Mama Furaha kwamba kwetu Koboko jambo hilo tunalijua tangu utoto.

Mama yangu mzazi alikuwa na sufuria kubwa ya kupikia pilau ya arusi na ya matanga. Ilikuwa yake, lakini ilizunguka mtaa mzima. Nyumba inayoitumia ilifunga uzi kwenye mkono wa sufuria, kila nyumba na rangi yake. Mkipika nyumba tatu kwa pamoja, nyuzi ni tatu. Ukimaliza haja yako unafungua uzi wako, huulizi habari za wengine. Anayefungua uzi wa mwisho ndiye anayeirudisha kwa mama, imesuguliwa kwa majivu mpaka unajiona uso.

Mara moja tu utaratibu ule ulikwama. Sufuria ilikuwa na mfuniko, na mfuniko nao ulifungwa nyuzi zake. Baada ya matanga fulani, sufuria ikabaki kwa Mama Rehema na mfuniko ukabaki kwa jirani yake, Bi Sitina. Mama Rehema aliona aibu kurudisha sufuria isiyo na mfuniko, akawa anamngoja Bi Sitina. Bi Sitina aliona aibu kurudisha mfuniko usio na sufuria, akawa anamngoja Mama Rehema. Wote wawili wana adabu zao, kila asubuhi wanasalimiana juu ya ua wa matete, na hakuna anayemkumbusha mwenzake, maana kumkumbusha ni kumwambia amekaa na mali ya watu. Mama akakaa miezi bila sufuria, na arusi mbili zikapikiwa vyombo vya mtaa mwingine. Alipogundua hakumlaumu mtu. Aliufungua uzi wa mfuniko, akachukua msumari akakwaruza juu ya mfuniko alama ya sufuria yake. Tangu siku ile mfuniko haukufungwa uzi kamwe. Ulijua sufuria yake ni ipi, lakini haukuizuia; sufuria ikirudi, nao unarudi.

Mama Furaha alicheka mpaka akakaa juu ya robota. "Mama yako iko fundi kukupita," akasema. "Na hajaona kompyuta hata siku moja."

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Ilikuwa miaka mingi baadaye, wakati watu wa ng'ambo ya mpaka wanakimbia vita, wanavuka kwa wingi na kupewa viwanja huku kwetu, wengine Omugo, wengine Lobule, wengine kwingine. Njiani walipotezana. Ofisi moja ya kutafutiana ndugu ikanipa kazi ya kuandika programu. Kila asubuhi programu ilimchukua mtu anayetafuta, ikamwekea familia yake ndani ya memori, ikalinganisha na watu walioandikishwa kwenye makambi yote: jina, kijiji, umri, jina la baba. Ikiona wanafanana inaandika. Ilianza na wenye A ikishuka mpaka Z.

Nilijivunia ile programu, na nilikuwa na sababu. Watu walipatikana. Kila Alhamisi nilipeleka orodha Omugo mwenyewe na kuibandika kwenye ukuta wa mabati, na nilisimama pembeni kusikia vigelegele. Mashine yetu ya Mvara ilikuwa kuukuu, ikifika adhuhuri inaganda. Mimi nikafanya wanachofanya mafundi wavivu wa dunia nzima: nazima, nawasha, nachapisha yale yaliyokwisha kupatikana, naenda kuswali. Kesho yake naanza upya. Nilisema mashine imezeeka. Mashine haina mdomo, ukiisingizia haijitetei.

Pale Omugo alikuwapo mwanamke mzee jina lake Yunia, Mkakwa kutoka ng'ambo. Sisi tulimwita Habuba, yaani bibi. Alikuwa anamtafuta mjukuu wake Keji, msichana wa miaka tisa, aliyemshika mkono tangu nyumbani mpaka kwenye kivuko cha mto mmoja, na hapo watu wakasukumana, mkono ukatoka. Mtoto hakuwa na mtu mwingine, wala yeye. Kila Alhamisi alivaa miwani yake yenye mguu mmoja, akasoma orodha kuanzia juu mpaka chini kwa kidole, halafu akaniambia asante, akaenda zake. Ile asante ndiyo ilikuwa inaniuma.

Alhamisi moja hakuondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka watu wakapungua, akaniita.

"Binti yangu, hii karatasi yenu iko na shida."

"Shida gani, Habuba?"

"Mimi nasoma kila wiki. Naona Abrahamu, naona Maria, naona Samueli, naona Sara. Halafu basi, karatasi inaisha. Tabita hakuna. Yohana hakuna. Hata Yusufu moja hakuna. Mimi nauliza, watu ya Y hakuna mutu inatafuta ndugu?"

Nilisimama mbele ya ukuta ule na orodha zangu za miezi minne zimebandikwa moja juu ya nyingine. Nikazifunua moja moja. Zote ziliishia kwenye S. Programu yangu ilikuwa inakufa adhuhuri kabla haijafika kwa mtu yeyote mwenye T, wala W, wala Y, na kila asubuhi mimi nairudisha kwa Abrahamu. Habuba Yunia alikuwa hajatafutiwa mjukuu hata siku moja.

Nimefanya kazi na wakaguzi wenye shahada, na hakuna aliyewahi kunikamata kosa kwa usafi kama mama yule na miwani yake ya mguu mmoja. Msidharau anayetumia programu yenu. Yeye ndiye anayeisoma kwa njaa.

Niliona aibu, na aibu ikaleta haraka. Nilijua kwa Mama Furaha ni mwendo wa dakika chache kwa boda, lakini nilijiambia fundi mzima hawezi kwenda kuonyesha uchafu wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, mimi nikauficha. Nikaona vitu vimejaa memori, watu na familia zao wanarundikana bila kuondoka, basi nikaandika mistari ya kumfuta kila mtu kwa nguvu mara tu akishalinganishwa. Nikaiwasha. Adhuhuri ikapita haijaganda. Alasiri ikafika Z. Na kwenye Y ikaandika: Yunia, mtoto amepatikana, Lobule. Kwa watoto hatukuandika majina kwenye orodha, tuliandika namba ya kadi na mahali wanapoishi tu.

Sikungoja Alhamisi. Kesho yake nilichukua gari la ofisi, nikampitia Habuba Omugo, tukashika njia ya Koboko. Alikuwa amebeba kopo la bati la maziwa ya unga, ndani kuna karanga na simsim, yaani ufuta, alizosaga usiku kucha akatia chumvi ya majivu anayoichuja mwenyewe. Kopo alilishika kwa mikono miwili njia nzima.

Lobule tulionyeshwa nyumba ya familia inayomlea mtoto mwenye kadi ile. Akatoka msichana wa miaka tisa hivi, mzuri, amevaa gauni la njano. Habuba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasema taratibu, "Huyu si mutoto yangu."

Msichana aliitwa Jokudu, naye alikuwa anamngoja mama yake. Alikuwa amekimbia kunawa uso aliposikia kuna mgeni wake. Sitasahau jinsi sura yake ilivyobadilika. Habuba aliketi chini palepale, akamwita, akamuuliza habari za kwao, akampa lile kopo. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Mama yako pia atakuja." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari natamani ardhi ipasuke. Kurudi, mikono yake mitupu ilikaa mapajani, na alinishukuru kwa safari.

Jioni ile nilikwenda sokoni, nikaketi kwenye kibanda cha Mama Furaha, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alifunga kibanda, akafunua kompyuta, akasoma mistari yangu kwa muda mrefu.

"Huyu mutoto umemufuta," akasema. "Lakini orodha ya majibu ilikuwa inamushika bado. Sivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Majibu yalingoja mpaka mwisho kuchapishwa. Keji alipofutwa, nafasi yake kwenye memori ilihesabiwa kuwa tupu, na mashine ikampa mtoto aliyefuata kwenye faili la Lobule. Orodha ilipokwenda kuchukua jibu lake, ilimkuta Jokudu amekaa mahali pa Keji. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, vijana wangu. Mashine iliyojaa inaganda, na mtu anaona kwamba imeganda. Kitu kilichofutwa mapema kinakupa jibu safi, lenye namba na mahali, na jibu ni la uongo.

"Sasa niambie kwa nini walijaa kwanza," akasema.

"Sijui, Mama. Nawaachilia wote. Hesabu hazishuki mpaka sifuri."

"Mutu anashika nini?"

"Anashika familia yake."

"Na familia?"

"Inashika watu wake."

Alinitazama, akangoja. Hapo nikawaona moyoni Mama Rehema na Bi Sitina wanasalimiana juu ya ua wa matete. Mtu hawezi kuondoka kwa sababu familia inamshika, familia haiwezi kuondoka kwa sababu mtu anaishika. Mimi nimeshawaachilia wote, hakuna mwingine anayewahitaji, na bado kila mmoja hesabu yake ni moja. Maelfu ya sufuria na mifuniko yamejaa ndani ya mashine ya Mvara. Mshale umezunguka ukarudi ulikotoka, na daftari langu liko nyumbani kwenye sanduku, sikuwa nimelifungua kwa ile programu hata ukurasa mmoja.

"Mama yako alifanya nini na ile mufuniko?" akauliza, na hapo ndipo nilipolia.

Dawa ilikuwa ileile ya msumari. Familia iwashike watu wake, na mtu aijue familia yake bila kuishika. Lugha nyingi zina njia ya kuandika hivyo, hata zenu zinazojifagilia, na kuna mahali mtaihitaji. Nilifuta mistari yangu yote ya kufuta kwa nguvu. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa mbili, lakini Mama Furaha hakuniachia niondoke. Alinifanya niigeuze orodha ianze na Z irudi A, nione kama majibu yanabaki yaleyale. Akanifanya niandike matumizi ya memori kila baada ya robo saa, siku mbili mfululizo, kwa mkono, kwenye daftari. Nambari zikapanda kidogo, zikashuka, zikapanda, zikashuka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama zile nambari.

Kwenye Y ikaandika tena: Yunia, mtoto amepatikana, Lobule. Namba ya kadi ilikuwa nyingine. Safari hii nilipiga simu kwanza, nikamwomba mtu wa kule amuulize mtoto jina lake, jina la bibi yake na jina la mbwa wao. Kisha nikaenda Omugo kumwambia Habuba. Nilimweleza pia kosa langu lote, la miezi minne na la safari ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe umesema mwenyewe," akaniambia. "Twende."

Tulisimama Lobule nyumba tatu kutoka ile ya Jokudu. Siku ya safari yetu ya kwanza Keji alikuwa amekwenda shambani na watu wanaomlea. Alikuja kutoka nyuma ya nyumba anatembea, halafu akakimbia, na sitaelezea zaidi. Ila alikuwa na kitu mkononi ambacho hakukiacha hata alipokumbatiwa. Lilikuwa lile kopo la bati, tupu, limesuguliwa.

Mama wa nyumba ndiye aliyetueleza. Jokudu aligawia wenzake zile karanga, na Keji alipolamba kidole akasema, "Hii iko chumvi ya habuba yangu." Watu wazima wakamwambia kila bibi wa Kikakwa ana chumvi ya majivu. Kopo lilipoisha Jokudu alitaka kulitupa, Keji akaliomba. Mama huyo mwenyewe alijaribu mara mbili kulifanya la kuchotea maji, mtoto akakataa. Alilala nalo.

Mama Furaha sasa ni mzee kunipita, amerudi Aru, na kibandani yuko binti yake. Nikimtembelea huwa ananiuliza wanafunzi wangu wanaendeleaje, na mimi huwasifu kuliko mnavyostahili. Lakini jioni ile niliporudi kutoka Lobule alikuwa bado sokoni, anakunja vitenge. Nikamsimulia habari ya kopo, jinsi kila mtu pale alivyoliona takataka na jinsi mtoto alivyolishika. Aliacha kukunja.

"Hesabu yake ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Moja tu, Mama."

Akatikisa kichwa, akachukua kitenge kingine.

"Moja inatosha," akasema.